Cucu Alirudi Amevaa Sweta

Mpira wa maji ukilala juani kutwa nzima, maji ya kwanza kutoka huwa ya moto, na huwa na harufu yake. Si harufu nzuri. Ni ya raba, vumbi na kitu kama kucha iliyoungua. Jioni nikitoka kazini hapa Embu mjini, mke wangu huniachia kazi ya kumwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nashika ule mpira, nafungulia bomba, na kabla maji baridi hayajafika huwa nimeshachukuliwa. Niko tena kwetu, kule chini karibu na Ishiara, na msichana aliyevaa sweta nzito ananiuliza ni nani aliyechemsha maji. Mke wangu akinikuta nimesimama namwagilia ukuta husema mzee ameanza tena. Namwacha aseme.

Kwetu ni joto. Naanza na hilo kwa sababu mtu akisikia Embu hufikiria majani chai na ukungu. Sisi ni wa chini, upande wa Mbeere, kwenye ndengu na mbuzi na miiba, na kila njia ukiifuata vya kutosha inakufikisha mtoni. Mto wetu ni Thuci. Wakati wa mvua ulikuwa mwekundu na wenye kelele, hata mbuzi waliuogopa. Kiangazi kikikaza ulikonda, ukagawanyika mikono miwili, na katikati kikachomoza kisiwa cha mchanga mweupe. Neno kisiwa tulilijua shuleni tu. Nyumbani tulisema "kule katikati".

Aliyenitamanisha kule katikati ni Cucu, yaani nyanya yangu, mama yake Baba. Alasiri tukikaa nje kupepeta ndengu alinisimulia jinsi yeye na wenzake, walipokuwa wasichana, walivyovuka na vibuyu vyao, wakafukia miguu kwenye mchanga wa moto mpaka uchovu ukawatoka, wakaimba, wakasahau kurudi, wakapigwa. Kivuko alikijua yeye. Mama alikuwa ametoka kwa watu wa juu, Runyenjes, hakuujua mto na wala hakutaka kuujua. Baba alikuwa na shamba lake la nyanya na pampu yake iliyokataa kuwaka kila asubuhi. Basi Cucu ndiye aliyeniahidi. "Kiangazi kikija nitakupeleka, mzee wangu. Nitakubeba mgongoni usilowe."

Mzee wake nilikuwa mimi, na nilikuwa bado sijang'oka meno ya mbele yote. Kwetu jina haliokotwi tu. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na tangu siku hiyo yeye ndiye babu. Mimi ni Njeru kwa sababu mume wa Cucu alikuwa Njeru. Kwa hiyo Cucu alinilalamikia kama mume. "Mzee wangu, kweli umeniacha nikabeba kuni zote hizi peke yangu, na wewe umekaa hapo unakula maembe?" Nami nilikasirika kiume, nikakohoa, nikaenda kumpokea kijiti kimoja. Hakuna mtu tena aliyewahi kunifanya nijione mkubwa namna ile, hata siku ile niliyopata kazi.

Jina lake yeye lilikuwa Ciarunji, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Nyumbani tulikuwa wavulana watupu: mimi na wadogo wangu wawili, mmoja bado akinyonya. Hapakuwa na msichana wa kulibeba jina la Cucu. Aliyelibeba alikuwa mbali. Baba alikuwa na rafiki aliyefiwa na mama akiwa mdogo, Cucu akamchukua na kumlea pamoja na Baba, chungu kimoja cha uji wa mawele. Alipokua akaenda Timau, upande ule wa baridi wa mlima, akaajiriwa kwenye shamba la maua. Msichana wake wa kwanza akamwita Ciarunji, kwa kuwa mama aliyemjua alikuwa huyo. Kanisani wakamwita Purity. Kila mwaka rafiki huyo, Baba Purity, alituma salamu kwamba watakuja, na kila mwaka maua hayakumpa nafasi.

Kisha Cucu akafa, kabla kiangazi hakijaja. Mimi nilipelekwa Runyenjes kwa akina Mama ili nisione, na niliporudi kulikuwa na kilima cha udongo mwekundu karibu na ua, na maua ya karatasi ya nailoni juu yake. Mama akaniambia Cucu amepumzika. Nikamuuliza mpaka lini. Akaniambia niende nikacheze na wadogo wangu. Majirani walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, hajalia hata kidogo. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa nangoja kiangazi, kama nilivyoambiwa.

Likizo ya Agosti ilipofika, Baba Purity akapewa ruhusa kidogo kazini, akawaleta watoto wake wawili wakae nasi mpaka shule zifunguliwe. Nilikuwa nimesimama mlangoni walipotokea kwenye njia. Mbele alikuja msichana aliyenizidi kichwa kizima, amevaa sweta ya rangi ya damu ya mzee na gambuti nyeusi, uso unametameta jasho. Nyuma yake mvulana wa rika langu, Mugendi, naye amefungwa sweta mpaka shingoni. Walionekana kama watu wanaokwenda kukamua ng'ombe kwenye mvua.

Baba akavua kofia. Sikuwahi kumwona akimvulia mtoto kofia. "Mami," akasema, yaani mama, "umefika."

Mama akatoka ndani na kigoda cha Cucu. Kilikuwa hakijakaliwa na mtu tangu msiba. Akakipangusa kwa leso yake na kukiweka kivulini. "Karibu, mama mkwe. Kaa hapa kwako. Umetembea sana." Kisha akaenda akaleta uji katika kikombe cha Cucu, kile cha buluu kilichobanduka ukingoni, akampa kwa mikono miwili, kabla hajampa Baba Purity mwenyewe. Na alipokuwa akipita karibu nami akanisukuma kwa kiwiko huku akicheka. "Njeru, wewe mbona umesimama kama mlingoti? Bibi yako amerudi, hata husalimii?"

Watu wazima walijua wanachofanya. Ndivyo jina linavyopokewa kwetu, kwa heshima ya mwenyewe na utani kidogo, na kila mmoja alikuwa na furaha ya kupata tena mtu wa kumwita hivyo. Mimi hakuna aliyekuwa amenieleza. Nilijua mtu akifa amekufa. Nilikuwa nimeona mbuzi, nimeona kuku, nimemwona jirani akipitishwa kwenye jeneza. Lakini Baba na Mama ndio watu niliowaamini kuliko wote, na hao wote wawili walikuwa wamemwita mama yao na kumpa kigoda chake. Nikayapiga mahesabu yangu. Udogo wake haukunisumbua, kwa maana hata blanketi ukilifua kwa maji moto hurudi dogo. Kilichonitatiza ni kwamba Cucu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na huyu alikuwa hajui kingine. Kule Timau, kwenye nyumba za wafanyakazi wa maua, watu wametoka kila pembe na watoto huongea Kiswahili tangu wakiwa kwenye kanga. Mimi nikajiambia huko alikokwenda ndiko walikomfundisha.

Tangu hapo nilitaka mambo mawili tu maishani: anipeleke kule katikati kama alivyoahidi, na asiondoke tena.

Siku hiyo hiyo waliomba kunawa uso. Nikawapeleka nyuma ya nyumba, palipolala mpira wa pampu ya Baba, nikaufungulia. Purity akaruka nyuma.

"Hii maji ni nani alipasha moto?"

"Ni jua," nikasema.

"Jua tu?" Akamtazama Mugendi. "Kwetu ukioga asubuhi meno inagongana mpaka unauma ulimi."

"Na ngano inakuwa nyeupe," Mugendi akasema. "Barafu. Ukikanyaga inalia krr, krr."

Nilimwona ni mwongo mkubwa, nikampenda papo hapo. Sweta zilivuliwa jioni ile zikatundikwa kwenye msumari, na hazikuguswa tena mpaka siku ya kuondoka.

Kesho yake nikaanza kumtembeza Cucu. Nilijifanya nawaonyesha wageni mazingira, lakini nilikuwa na mpango wangu. Nilidhani safari ya mbali imemfanya asahau kidogo, na akiona njia zake atakumbuka. Nikawapitisha njia ya dukani, ile ya changarawe nyekundu ambayo lori likipita unakaa kimya mpaka vumbi litue. Nikawapitisha njia ya kanisani, tukachungulia dirishani, nikamwonyesha benchi la nyuma alikopenda kukaa kwa sababu ya mgongo. Nikawapitisha njia ya ndani kwa ndani kati ya mashamba ya ndengu, ambapo maganda makavu yalikuwa yakipasuka yenyewe juani, ta, ta, na Mugendi akadhani tunarushiwa mawe. Kila tulipofika mahali nilimtazama Purity usoni. Mara nyingi hakuonyesha kitu. Lakini kulikuwa na mkwaju mmoja kwenye njia ya Ishiara ambao Cucu hakuwahi kuupita bila kupumzika, na tulipoufikia, Purity, akiwa na malengelenge ya gambuti, akajitupa chini, akaweka mikono juu ya magoti na kusema, "Wacha nikae kidogo. Hii miguu yangu imekufa."

Cucu alikuwa akisema hivyo hivyo. Nilikaa kando yake, nikamwokotea ukwaju.

"Unaniangaliaga sana," akaniambia huku akinyonya mbegu. "Kwani niko na nini?"

"Hakuna, Cucu."

Akacheka. Kila mtu nyumbani alikuwa akimwita Cucu au mami, na aliona ni utani ule ule.

Baada ya njia tukaingia mtoni. Thuci kiangazi ulikuwa na fukwe nyingi, na kila moja ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na ufuo wa mawe bapa ambapo akina mama walifua na kuanika, mawe yote yakiwa na mashuka utadhani yamelala. Kulikuwa na ufuo wa mbuzi, unaonuka mkojo wa beberu. Kulikuwa na ufuo wa malori, ambapo vijana waliingia majini mpaka kiunoni wakachota mchanga kwa sepetu. Na juu kidogo, ulipopinda mto, kulikuwa na ufuo usio na mtu, wenye matete, na ng'ambo yake ndiyo kule katikati. Mchanga wake ulikuwa hauna alama ya mguu wa mtu. Kutoka ulipokuwa umesimama ulihisi joto lake usoni.

Watoto wa Timau walikuwa hawajawahi kuona mchanga wa kukanyaga. Kwao kuna udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Walivua viatu, wakapiga kelele za kuungua, wakakimbilia majini, wakarudi tena kuungua. Mugendi alijaza mifuko ya kaptura mchanga ili akauonyeshe Timau. Tulikuwa tukienda pale kila siku baada ya chai ya asubuhi, tukarudi jua likiwa limelegea, ngozi zikiwa na chumvi ya jasho na nywele zikiwa na mchanga. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye watoto ninaowapenda. Mtu aliyekuwa amekufa alikuwa anatembea mbele yangu kwenye maji, ananiita jina langu.

Siku moja nikaona nimengoja vya kutosha. Tulikuwa tumesimama kwenye matete.

"Twende sasa," nikasema.

"Wapi?"

"Kule katikati. Ulisema kiangazi kikija utanipeleka."

"Mimi?" Purity akanigeukia. "Nilisema lini?"

"Tukipepeta ndengu. Ulisema utanibeba mgongoni. Wewe ndiye unajua pa kupita."

Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na macho makubwa, na niliona kitu kikiingia ndani yake taratibu. Sikukielewa wakati ule. Nilidhani anakumbuka. Mugendi alitaka kusema neno, Purity akamkanyaga mguu.

"Ni nani alikuambia mimi nilikuwa nakuja hapa?" akaniuliza, sauti chini.

"Wewe mwenyewe."

Akageuka, akautazama mto. Akatembea ukingoni huku na huku, ameinama. Kisha akasimama mahali palipokuwa na kinyesi kikavu cha mbuzi na alama za kwato zikiingia majini. Akachuchumaa mbele yangu. "Panda basi. Ushike vizuri, mzee wangu."

Aliniita hivyo. Labda alikuwa amemsikia Mama akinitania kwa jina hilo mezani, sijui. Nilijifunga shingoni mwake. Maji yalimfika magotini, mapajani, kiunoni, yakawa yanamvuta upande, nikasikia moyo wake ukipiga kupitia mgongo. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa simu kama anaikumbuka siku ile. Sasa ana watoto wake huko huko Timau, na sauti imekuwa nzito. "Nakumbuka woga tu," akasema. "Sikuwa najua kuogelea, Njeru. Lakini ulikuwa umenishika shingo kama mtu ameshika mama yake. Ningesema aje sipiti?"

Mchanga wa kule katikati ulikuwa vile vile Cucu alivyosema. Laini, mweupe, wa moto juu na baridi ukichimba. Kulikuwa na magamba matupu ya konokono wadogo, unyoya mmoja wa korongo, na ukimya wa ajabu, kwa sababu mto ulikuwa ukipita pande zote mbili na sauti zake zikakutana juu yetu. Mugendi alikuwa amebaki ng'ambo akilia kwamba tumemwacha. Tukafukia miguu. Purity akamwaga mchanga juu ya magoti yangu, kiganja baada ya kiganja, na mimi nikasikia uchovu wote wa maisha yangu ukinitoka kupitia nyayo. Sikuwa na uchovu wowote, bila shaka.

"Cucu," nikamwambia, "usiende tena."

Yeye aliendelea kumwaga mchanga.

Kilio cha Mugendi ndicho kilichomleta Baba. Tuliporudi ng'ambo alikuwa amesimama kwenye matete, suruali imekunjwa, na fimbo mkononi. Sote tulilijua somo la mto: anayevuka bila mtu mzima anachapwa, awe wa nani.

"Nani alianza?"

"Ni mimi, baba," Purity akasema. Alikuwa amelowa mpaka kifuani na anatetemeka, ingawa jua lilikuwa kali.

Baba akainua fimbo. Ikakaa hewani. Kisha akaiteremsha, akakaa chini kwenye mchanga. "Sasa mimi nitamchapaje mama yangu?" akasema. Alikuwa anacheka, na alipogeuka nikaona machozi. "Ulijuaje pa kupita, mami?"

"Niliona mbuzi zimepita hapo."

"Hapo ndipo alikuwa anapita," Baba akasema. "Hapo hapo. Alinivusha hapo nikiwa kama huyu." Akanionyesha kwa fimbo, akaitupa mtoni.

Nililala usiku ule nikiwa na uhakika wa mambo yote. Hata Baba alikuwa amekiri.

Likizo ikafika mwisho. Baba Purity alikuja kuwachukua, na asubuhi ya kuondoka, sote tukinywa chai, nikatangaza kwamba Mugendi anaweza kwenda lakini Cucu haendi. Watu wazima wakacheka. Baba Purity akasema mzee amekataa bibi asisafiri, itabidi alipe mbuzi wa mahari. Wakacheka zaidi. Purity peke yake hakucheka. Aliweka kikombe cha buluu chini. Alikuwa ameshavaa sweta, kwa maana Timau wangefika baridi ikiwa imeanza. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye ua, kwenye kile kilima cha udongo. Udongo ulikuwa umeanza kushuka.

"Njeru, unaniitaga Cucu ukicheza ama ukimaanisha?"

"Wewe ni Cucu."

"Mimi ni Purity." Alisema polepole, kama anayeondoa mwiba kwenye mguu wa mtu mwingine. "Hiyo jina nilipewa tu, ndio isipotee. Cucu ako hapa."

"Lakini ulinivusha."

"Nilikuvusha. Lakini ni mimi nilikuvusha."

Nilitazama ule udongo. Maua ya nailoni yalikuwa yamepauka kwa jua, mekundu yamekuwa ya waridi. Nilitaka kumwambia kwamba ni mwongo, kwamba Baba amemvulia kofia, kwamba kigoda ni chake. Nikakuta siwezi. Nilijua. Nadhani nilijua tangu siku aliponichuchumalia mtoni, kwa sababu Cucu asingehitaji kutafuta alama za mbuzi.

"Mimi hata sikuwahi kumwona," Purity akasema. Aliketi chini kando ya kilima, magoti yamefunikwa na sweta. "Baba anasema tutakuja, tutakuja, kila mwaka. Nilikuwa nataka tu kuona mwenye jina langu anakaa aje. Tulipofika nikaambiwa ndiye mimi." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Wewe ulikuwa naye. Alikuwa anakaa aje?"

Nikaanza kumwambia. Nikamwambia alikuwa mfupi, na sikio moja lilikuwa na tundu kubwa na lingine lilikuwa limekatika. Alikuwa ananuka moshi na tumbaku. Akicheka alikuwa anafunika mdomo. Akipepeta ndengu alikuwa hapotezi hata moja. Nilifika hapo nikaachia hapo, nikaanza kuurudisha juu udongo ulioshuka. Purity hakunihimiza. Baba yake alikuwa ameanza kuita kutoka njiani.

Siku hizi kule katikati hakuna. Malori yalipanda kidogo kidogo kutoka ufuo wao mpaka kwenye mpindo, na mchanga ukaenda kujenga nyumba za watu, labda hata hii yangu. Nilikwenda kiangazi kilichopita nikiwa na wanangu. Mto umekuwa mmoja, wa rangi ya chai, unapita kwenye mawe. Nilisimama kwenye matete nikiwaonyesha kwa kidole maji matupu, na kifungua mimba wangu, msichana, akaniuliza, "Baba, tunaangalia nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Namtamani Cucu, hilo sitaki kulizunguka. Lakini kama ningepewa kurudishiwa kitu kimoja, nadhani ningeomba zile wiki chache ambazo alikuwa amekufa na mimi nilikuwa bado sijaambiwa.

Asubuhi ile tuliwasindikiza Purity, Mugendi na baba yao mpaka barabara ya Ishiara. Walipokwisha kupanda gari, sweta mbili nyekundu zikiwa dirishani na Mugendi akipunga mkono huku mfuko mmoja ukimwaga mchanga, ndipo nikalia. Nililia nikakaa chini kwenye changarawe. Nililia mpaka nikatapika chai. Majirani waliokuwa dukani walitoka wakashangaa, mtoto yule yule ambaye hakulia kwenye msiba.

Mama alinibeba, mkubwa nilivyokuwa, akanifuta uso kwa leso. "Nyamaza, baba," akaniambia, "nyamaza. Desemba si mbali. Watarudi."

Na kweli Desemba walirudi. Baba alivua kofia, akasema, "Mami, umefika," na Mama akatoka na kigoda. Mimi nilikimbia kuwapita wote, nikampokea mzigo, nikamwambia, "Karibu, Purity."